Vuai na Watano Wasiosogezwa

Hapo zamani, katika mji wa Kitutini, alikuwako mtu akiitwa Vuai, fukara wa kutupwa, ambaye mali yake yote ilikuwa shuka moja na ulimi. Shuka ilikuwa na matundu. Ulimi haukuwa na tundu hata moja, nao ndio uliomtia taabuni.

Na mji huo ulikuwa na mchezo wake. Kila Siku ya Mwaka, Kitutini ilishindana na watu wa ng'ambo ya mto. Mtu mmoja, akiitwa mchukuzi, hukumbatia tufe la makumbi ya nazi akajaribu kulifikisha mwisho wa uwanja, na mbele yake hutangulia wanaume watano, bega kwa bega, kuwazuia wale wanaotaka kumwangusha. Watano hao waliitwa boma. Wakishinda, mchukuzi huvishwa kilemba akaimbiwa na wanawake. Wakishindwa, boma hupewa lawama.

Ikawa mwaka mmoja Waziri, ambaye hakuwahi kusukumwa na mtu maishani mwake, alimtoa bomani Kigugu, mfupi aliyekuwa akisimama katikati, akatia mahali pake jitu kutoka bara lililoweza kunyanyua punda. Jitu lilisimama vizuri. Ila jirani yake alipokwenda kushoto, halikujua lenyewe liende wapi. Ukabaki mwanya, na watu wa ng'ambo wakapita humo kama wanaoingia kwao. Mpwa wa Sultani, aliyekuwa mchukuzi, akavunjika mtulinga, na Kitutini ikashindwa.

Basi Sultani Zuberi akaitisha baraza, akanena, "Mchezo umekwisha, na mpaka Mwaka ujao tuna nafasi ya kutosha. Nipeni shauri la boma."

Waziri akainama. "Bwana wangu, wa zamani tuwafukuze. Wanajua kazi, lakini magoti yao yanalia kama milango. Tukitaka majitu zaidi, yapo bara, ila kila moja hula mbuzi mzima kwa siku. Tukitaka vijana, tunao hapa, wepesi, ila hawajaonja kusukumwa."

"Wafukuzwe. Lakini mimi si mtu wa kuchaguachagua," akasema Sultani. "Nataka watano walio wazito, wasioumwa magoti, waliokaa kazini miaka kumi, wasiokula mbuzi wangu, na wasiosogezwa hata shubiri."

Watu wote wakasema, "Naam, Bwana wetu." Vuai, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni akingoja makombo, akacheka. Alijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, akachelewa.

"Ewe Vuai, wacheka nini?"

"Nacheka kwa furaha, Bwana wangu. Watu hao wapo." Alisema hivyo kujinusuru, na neno lilipomtoka akatamani kulimeza.

"Basi niletee hao wewe mwenyewe. Nakupa siku saba. Usipowaleta, Mwaka ujao mchukuzi ni wewe, na mbele yako hatasimama mtu."

Vuai akaitazama miguu yake myembamba, akaogopa kweli. Siku ya kwanza alizunguka mji, ya pili akalala, ya tatu akaenda kwa Kigugu, ambaye alikuwa shemeji yake. Huko aliwakuta wote watano wa boma la zamani wakila sinia moja, kama walivyozoea tangu ujana, kila mmoja akijua kiwiko cha mwenziwe kitapita wapi.

"Shemeji, ulimi wako utakuua," akasema Kigugu, akamsogezea wali.

Vuai akala, akivitazama vile viwiko. Siku ya saba alfajiri akapiga hodi tena. "Shemeji, waite wenzio. Nina kazi ya mabega."

Kulipokucha Sultani akatoka, akaketi katika banda lake la makuti, uso wake uwanjani, na nyuma yake mikeka ya nakshi imetundikwa. Akaletewa kahawa. "Wako wapi watu wangu?"

Vuai akavuta jamvi lililotandazwa uwanjani, na chini yake zikaonekana nguzo tano za mikoko.

"Hawa hapa, Bwana wangu. Ni wazito, mmoja aliniangukia mguuni, nami naushuhudia uzito wake. Magoti hawana. Wamekaa kazini miaka kumi na miwili. Mbuzi hawamjui. Na tangu wasimame hawakusogezwa shubiri, mpaka leo alfajiri."

"Hizi ni nguzo!" akafoka Waziri. "Zitamtanguliaje mchukuzi?"

"Kumbe Waziri ataka waende pia? Hilo sikuagizwa. Aendaye husogezwa, Bwana wangu. Wa kusimama tu ndio hawa."

Watu wakaanza kucheka, lakini Sultani alikuwa amekunja uso akizitazama nguzo. "Hii yenye kovu la shoka naijua. Nguzo hizi zimetoka wapi?"

"Katika banda lako hili, Bwana wangu. Safu ya nyuma yako."

Sultani akakiweka kikombe chini taratibu. "Na paa lililo juu ya kichwa changu limeshikwa na nini?"

"Ifunuliwe mikeka."

Ikafunuliwa. Wakaonekana wale watano waliofukuzwa, wamesimama bega kwa bega, na mti mrefu uliobeba paa umelala juu ya mabega yao. Kigugu, katikati, alikuwa amejitwika begani gunia lililokunjwa ili aufikie mti. Jasho liliwatiririka. Goti la mmoja lilipolegea, jirani yake aliinuka kidogo bila kuambiwa, na wa pili yake akashuka, na paa halikutikisika. Hata kipande kimoja cha kuti hakikuwa kimeanguka katika kahawa ya Sultani.

"Mmeshika tangu lini?" akauliza Sultani.

"Tangu alfajiri, Bwana wetu," akajibu Kigugu. "Nasi tuna swali moja."

"Semeni."

"Tumefukuzwa, au tuendelee kushika?"

Sultani akacheka hata machozi yakamtoka, ingawa alicheka akiwa amekwisha kukimbilia uwanjani. Akaamuru watano warudishwe bomani siku ile ile, na Vuai awe na sahani yake katika jiko la Sultani maisha yake yote. Kisha akamgeukia Waziri, akamwambia aingie bandani atie bega, mpaka nguzo zirudishwe.