Nyaya Mbili za Jipu na Mtamba Mmoja

Hapo zamani, zamani ile ambayo magari yalikwisha kufika lakini lami ilikuwa bado, palikuwa na mwanamke huko Upareni tambarare, jina lake Nakijwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, taa za sola na kila kitu kinachopitisha umeme. Watu walimjua kwa mambo mawili: kazi yake haifi, na kazi yake haiharakishwi. Ukimwambia "fanya upesi, mama", anaweka bisibisi chini na kukutazama mpaka unyamaze.

Siku moja, jua la saa saba, Nakijwa alisikia mayowe kutoka korongoni. Akakimbia. Alichokikuta kilimkata maini.

Pikapu ya Elinaja, mfuga nyuki, ilikuwa imekwama kwenye mchanga katikati ya korongo. Elinaja alikuwa ameingia chini yake kufukua, gari likadidimia, chuma cha chini kikamkandamiza mguu. Mfupa ulikuwa mzima, lakini mguu hautoki. Walitia jeki, ikazama. Walichimba, na kila walipochota mchanga pikapu ilishuka zaidi, Elinaja akapiga ukelele. Wakaacha kuchimba.

Na juu ya milima wingu lilikuwa jeusi. Watu wa tambarare wanajua: mvua ikinyesha mlimani, korongo hushusha maji bila kubisha hodi.

Baba yake Elinaja, Mzee Mchome, alikuwa amepiga magoti amekipakata kichwa cha mwanawe. Akainua mkono, akaapa mbele ya wote:

"Atakayemtoa mwanangu hapa akiwa hai, mtamba wangu mwekundu mwenye mimba ni wake. Mungu anasikia, nanyi mnasikia!"

Palikuwa na gari la jipu moja tu pale kijijini, jipu kuukuu la Lemburis, aliyekuwa akipeleka dawa za mifugo porini. Mbele yake lilikuwa na winchi, ile ngoma ya waya wa chuma inayozungushwa kwa nguvu ya betri. Lemburis akashuka nalo korongoni, akatia ndoano kwenye pikapu, akabonyeza. Winchi ikazunguka nusu mzunguko. Pikapu ikainuka upana wa kidole. Watu wakasema, "Haya!" Mara moshi ukafuka. Nyaya za betri zilikuwa nyembamba, mzigo ukazishinda, zikayeyuka. Winchi kimya. Injini kimya. Pikapu ikarudi ilipokuwa.

"Nyaya nyingine ziko wapi?" akauliza Nakijwa.

"Mjini," akajibu Lemburis. "Kwenda na kurudi ni kesho."

Wakalitazama wingu.

"Basi tutazitengeneza," akasema Nakijwa.

"Kwa kitu gani, dada?"

Macho ya Nakijwa yalikuwa yamekwenda kwa Fundi Senkondo, mchomeleaji wa vyuma. Senkondo alikuwa na mashine moja ya kuchomelea, na mashine ile ilikuwa na waya mmoja, mnene kama kidole gumba, shaba tupu ndani. Bila waya ule, mashine yake ni jiwe.

"Usinitazame hivyo, dada Nakijwa," akasema Senkondo. "Wanangu wanakula kwenye waya ule."

Senkondo akamtazama Elinaja mchangani. Akalitazama wingu. Akatema mate pembeni, akasema, "Twende."

Karakana yake ilikuwa juu tu ya ukingo. Nakijwa alikuwa amepima kwa kamba ya katani njia ya kila waya, kutoka betri mpaka winchi, akiizungusha mbali na bomba la moshi lisije likauchoma. Senkondo akashika msumeno mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine amkatie. Akakata mara ya kwanza, akakata mara ya pili, akatoka nje akasimama ameupa mlango mgongo.

Sasa ikawa zamu ya Nakijwa. Akatwaa kipande cha bomba la shaba, akakikata vipande vinne, kila ncha ya waya na chake. Akavipasha moto vilainike. Kila kimoja akakiponda upande mmoja kikawa bapa, akatoboa tundu la bolti. Akamenya ngozi ya waya, akazikaza nyuzi za shaba ndani ya bomba, akagonga, akageuza, akagonga tena, kisha akamiminia lehemu ijaze kila upenyo. Hakungoja ipoe. Akashika, kiganja kikaungua, akauma midomo akaendelea. Juu ya waya akavisha mpira wa baiskeli.

Akazijaribu ncha. Akakanyaga waya, akavuta. Ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika. Ya tatu ikashika. Ya nne ikateleza unywele mmoja.

"Funga hivyohivyo!" wakapiga kelele watu.

"Haijashika."

"Mama, wingu!"

"Ikilegea itaungua kama zile za kwanza," akasema Nakijwa. "Na waya mwingine hatuna."

Kutoka chini ikaja sauti ya Mzee Mchome: "Mnangoja nini? Jamani, mnangoja nini?" Sauti ile ilimwingia Nakijwa kama mwiba. Akaifumua ncha ya nne yote, akaianza upya.

Walipomaliza kufunga nyaya jipuni, Lemburis aliwasha. Injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika! Na papo hapo wakausikia mvumo, kama ng'ombe wengi wanaokimbia. Maji yalikuwa yanashuka.

Watu wakapanda ukingoni. Winchi ikaanza kuvuta. Maji yakafika vifundoni.

"Lemburis, toka!" wakaita.

"Nikiachia breki, jipu litavutwa na pikapu itamrudia!" akajibu. Lemburis hakujua kuogelea, na kila mtu alijua kwamba hajui. Maji yakafika nusu ya gurudumu. Hakutoka.

Nakijwa alikuwa amesimama kando ya boneti iliyo wazi, mkono juu ya nyaya, akingoja moshi. Waya ukapata joto. Akasema moyoni, sasa unaungua. Lakini joto lile lilikuwa la kikombe cha uji, likabaki hapo. Pikapu ikainuka kidole, ikainuka kiganja, Mzee Mchome akavuta, na Elinaja akatoka kama mzizi kwenye tope!

Wakambeba juu. Lemburis akaifungua ndoano, akalipandisha jipu, maji yakaichukua pikapu na mizinga yake yote. Nani alijali? Elinaja alikaa ukingoni, mguu umevimba, akasema, "Nina njaa." Baba yake akacheka, akalia, akacheka tena. Nakijwa akakaa chini palepale. Kifua kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyetua mtungi.

Asubuhi yake Mzee Mchome akamtoa mtamba mwekundu zizini, akawaita watu.

"Nilisema atakayemtoa," akasema. "Sikusema watakaomtoa. Mtamba wa kiapo hauzwi wala hagawanywi. Semeni wenyewe, aende kwa nani?"

Senkondo akasema, akitabasamu: "Mimi nilikata mkono wangu wa kulia. Dada Nakijwa anao ufundi wake bado. Lemburis analo jipu lake bado, tena lina nyaya nzuri kuliko jana. Mimi nina nini? Bila waya wangu, wangetengeneza nyaya kwa kamba ya katani?"

Watu wakaangua kicheko, wakasema, "Ni kweli."

Lemburis akasema: "Waya ni kitu. Ufundi ni kazi. Mimi niliweka roho. Wote walikuwa na njia ya kukimbia, mimi nilikuwa nayo pia, nikaikataa. Bila mguu wangu kwenye breki, tungekuwa matangani leo."

Watu wakatikisa vichwa, wakasema, "Ni kweli."

Nakijwa akatazama kiganja chake kilichopakwa asali, akasema: "Waya mnene tu hauvuti gari. Roho ngumu tu haivuti gari. Nyaya zilikuwapo, dereva alikuwapo, na bado ile ncha ya nne ingemuua Elinaja. Nyinyi nyote mlisema funga. Ni nani aliyesema bado?"

Watu wakatazama chini, wakasema, "Ni kweli."

Mzee Mchome akabaki na kamba mkononi, mtamba anatafuna, yeye anawatazama watatu wale mmoja mmoja, na mpaka jua linafika utosini hajaiachia.

Haya, enyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Kamba ile ingekuwa mikononi mwenu, mngeiweka mkononi mwa nani?