Ngiri na Neno Asilolijua

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia, na wa mbele wamefungua midomo bila sauti. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumetimia. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakigombea maneno kama leo wanavyogombea maji, aliishi Ngiri. Alikuwa na pembe mbili, mke mmoja na maneno kama mchanga. Shule alikwenda. Alikaa darasani asubuhi moja, mvua ikanyesha, darasa likasombwa na maji, Ngiri akatoka akiwa amesoma.

Nyumba ndiyo hakuwa nayo. Shimo lake lilikuwa limebomoka, na mkewe Bi Ngiri alikuwa mjamzito, tumbo linaburuza majani. Walilala nje. Na nyayo za Chui zilianza kuonekana karibu na malazi yao.

Siku moja Mama Tembo, mkubwa wa bonde lile, akapiga mkonga wake, paaaa. Wanyama wakakusanyika.

"Mhanga, yule mchimba mashimo, amehama," akasema. "Shimo lake liko wazi, lile la kwenye njia ya maji. Refu, kavu, la kulelea watoto. Halipewi ndugu yangu, halipewi rafiki yangu. Linapewa mwenye upambanuzi. Kesho asubuhi mje hapo shimoni."

Mbuni akamtazama Kima. Kima akamtazama Ngiri. Ngiri akatazama mawingu, kama mtu anayelijua neno hilo tangu kwao. Hakuna aliyeuliza. Nani aulize, aonekane hajui?

Akaenda kwa mkewe anaringa.

"Mke wangu, shimo ni letu."

"Kwani upambanuzi ndio nini, baba watoto?"

"Ni pambano. Pambano la kawaida ni la wawili. Likiwa kubwa, likatimua vumbi, ndio upambanuzi."

"Una hakika?"

"Mimi niliyesoma?"

"Asubuhi moja," akasema Bi Ngiri.

"Asubuhi ndefu."

"Basi kamuulize Mama Tembo. Kuuliza si ujinga. Na tumbo hili halikungoji wewe ukisie."

Ngiri hakwenda kuuliza. Alikwenda kwenye kichuguu kufanya mazoezi. Akarudi nyuma, akaja mbio, tu-tu-tu-tu, pwaa. Akarudi nyuma tena, akaja mbio, tu-tu-tu-tu, pwaa. Kichuguu kikabaki pale pale. Ngiri akakiambia, "Kwa leo nimekusamehe."

Kulipokucha akashika njia. Juu ya mteremko, shimo likiwa chini kule, akamkuta Mbuni. Mbuni amejizungushia kamba za maua shingo nzima, kutoka kifuani mpaka kidevuni, hata kumeza mate hawezi.

"Shemeji, unaolewa?" Ngiri akamuuliza.

"Umesahau shule wewe. Upambanuzi ni mambo ya mapambo. Anayejua kujipamba ndiye mwenye nao."

Mara Kima huyo, anahema, amekumbatia mzigo wa pamba mkubwa kuliko yeye.

"Nyote mmepotea," akasema Kima. "Upambanuzi ni kuchuma pamba. Nimechuma shamba zima. Mwenyewe alikuja kunishukuru kwa fimbo."

Ngiri akacheka mpaka akapiga magoti. Akasema, "Nyinyi hamna lenu. Ni pambano, na ninalianza." Akainamisha kichwa, tu-tu-tu-tu, akawavaa wote wawili.

Lo, salaale. Pembe zikanasa kwenye maua. Maua yakanasa kwenye pamba. Pamba ikanasa mkia wa Kima, mkia ukanasa shingo ya Mbuni, na Mbuni kwa miguu yake mirefu akamkanyaga kila mtu pamoja na yeye mwenyewe. Wakawa tonge moja. Tonge likaanza kuteremka. Biringi, biringi, biringi. Likafika shimoni, likaingia, likakwama. Kwapu.

Giza. Pamba puani.

Na kumbe alfajiri ile Chatu alikuwa ameingia humo kutafuta joto. Sasa kaletewa kifungua kinywa mpaka kitandani, tena kimefungwa kwa maua. Akaanza kukizunguka, polepole, bila neno.

"Mbuni, legeza shingo yako, unanibana," akasema Ngiri.

"Shingo yangu iko huku kwa Kima, bwana."

"Kima, ondoa mkia wako."

"Mkia wangu sijauona tangu kule juu."

Kitu kikazidi kubana. Mbavu za Ngiri zikalia, ka, ka. Akataka kupiga pembe. Apige wapi? Huku huenda ni koo la Mbuni, huku huenda ni tumbo la Kima. Akikosea ameua jirani. Asipopiga amekufa yeye, na Bi Ngiri atazalia nje, Chui akimsubiri.

Kima akaanza kulia. "Nimefungwa, nifungueni. Mguu umekunjwa, nikunjueni. Pua imezibwa, nizibueni."

Sikio la Ngiri likasimama. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Na pambana je? Pambana... pambanua.

"Ala," akasema Ngiri ndani ya pamba. "Kumbe ni kinyume chake."

Akaacha kujitupatupa. Akanyoosha pua, akaanza kugusa. Hiki kina manyoya, kinanuka maua: Mbuni. Hiki kina viroboto: Kima. Hiki laini, chepesi: pamba. Na hiki? Kinene. Baridi. Tena sisi sote tunalalamika, hiki hakilalamiki.

Pembe, kacha.

"Uwi," kikasema kile kilichokuwa kimya. Chatu akajikunjua, akapenya ubavuni, akatoka. "Samahanini, jamani. Nilidhani wageni mnapenda kukumbatiwa." Akatokomea nyasini, swaaa. Tonge likalegea, nao watatu wakajikwamua, wakatoka nje mmoja mmoja.

Mama Tembo akafika, mzito, taratibu. Akakuta Mbuni hana ua hata moja na Kima anapiga chafya za pamba.

"Ngiri amempiga Chatu," Kima akasema.

"Kupiga hata jiwe hupiga," akasema Mama Tembo. "Ngiri, gizani humo ulijuaje nani wa kupigwa?"

"Wenzangu walikuwa wanapiga kelele, mama. Yeye alinyamaza, na alikuwa wa baridi."

Mama Tembo akatikisa masikio. "Shimo ni lako."

Bi Ngiri akaja, tumbo mbele. Akamwona mumewe anaingia nyumbani kinyumenyume, makalio yanatangulia, pembe zinabaki mlangoni.

"Baba watoto, mbona unaingia hivyo?"

"Anayekuja nataka kumwona vizuri," akasema Ngiri, "kabla sijampiga."

Bi Ngiri akacheka, akaingia. Akazaa salama, vitoto vinne, vyote vina maneno.

Basi wakubwa kwa wadogo, shikeni hili. Kupambana ni kugongana na kila kitu. Kupambanua ni kujua kipi ni kipi na nani ni nani kabla hujagonga. Na neno usilolijua, uliza.

Hadithi yangu imeishia hapo, na anayenibishia akamtazame ngiri anavyoingia shimoni.