Kigelegele Kwenye Nyumba ya Maiti

Mnanisumbua tena. Kila nikikaa kupepeta mtama mnataka hadithi, na mkishapewa mnabishana mpaka ugali unaungua. Haya, kaeni. Mwenye usingizi akalale kwao.

Nyumbani kwa Mzee Chidawali walikuwapo watu watatu. Mwaja, mke wa mwanawe mkubwa, alikuwa mfinyanzi. Udongo ukimgusa vidole, alijua ulikochimbwa. Ndalu, jirani asiyetoka hapo, alikuwa na sauti ya kujaza bonde zima. Harusi bila yeye ilifanana na kikao cha wakwe waliogombana. Nyemo, kitindamimba wa mzee, alikuwa na mikono. Maneno hakuwa nayo.

Mzee alikuwa na lambo lake mwenyewe, juu ya bonde. Tuta lake lilijengwa kwa udongo mwekundu wa vichuguu, na pembeni likaachiwa koo, yaani mfereji wa kutolea maji yakizidi. Kisha mzee akafuga samaki, perege. Mvua zikija, perege walitorokea kooni, naye akaliziba kwa mawe na miiba. Lambo zima likanyimwa pumzi kwa ajili ya kitoweo.

Mvua zilipokolea, nduguye mzee akafa. Kwa watu wale, maiti akiwa ndani, jembe haligusi ardhi. Jembe la kwanza ni la kaburi. Na kaburi lilikuwa linamngoja mtoto wa marehemu, aliyekuwa safarini.

Mwaja akashuka kuteka maji ya wafiwa, akaona chini ya tuta panavuja. Kuvuja si ajabu, tuta hutoa jasho. Lakini alipochota, vidole vikashika wekundu wa kichuguu. Hilo halikuwa jasho. Tuta lenyewe lilikuwa linaondoka. Na kule bondeni, katika nyumba zilizo chini ya tuta, alikuwamo mama yake.

Mkwe hasemi na baba mkwe mbele za wanaume. Mwaja akaenda mpaka kwenye mkeka wao.

"Baba, tuta linakwisha. Koo lizibuliwe."

"Rudi jikoni, mkwe. Jembe la kwanza ni la kaburi."

"Basi lichimbwe sasa. Maji hayatamngoja mtu wa safarini."

Mzee akawageukia wenzake, akasema mwanawe ameoa kasuku. Wakacheka, msibani.

Nyemo hakucheka. Alichukua jembe ukutani mbele ya baba yake, akashuka kooni.

Ndalu akapiga yowe kuwaita watu wa bondeni watoke. Bondeni hakutoka mtu; tangu asubuhi walikuwa wakisikia mayowe ya msiba. Basi akapiga kigelegele. Cha harusi, kirefu, kwenye nyumba ya maiti. Hapo wakatoka wote, wakubwa kwa wadogo, wakapanda kilima kuja kumfunza adabu. Mama yake Mwaja alikuja na mchi.

Nyemo akazibua koo, maji yakapungua, tuta likastahimili. Lilistahimili mpaka mtu wa mwisho alipofika juu. Kisha likaenda, likaenda na Nyemo, likaenda na nyumba zote za bondeni.

Wazee wakampokonya Chidawali lambo. Tope lililobaki ndani lilikuwa shamba la kushibisha ukoo, wakasema apewe mmoja tu, yule aliyeokoa watu.

Mwaja alikuwa amerudishwa kwao kwa kukosa adabu, na kwao pamebaki mawe. Akasema, bila mimi nani angejua? Ndalu, ambaye hakuitwa tena harusini, akasema kujua si kutoka. Mimi ndiye niliyewatoa, akasema. Rafiki zake Nyemo wakasema, bila mikono yake mngefia njiani. Ila Nyemo hakuacha mke wala mtoto. Akipewa yeye, mrithi ni baba yake.

Chidawali hakuitwa kikaoni. Jembe la mwanawe lilikutwa limenasa kwenye ile miiba, na watu wote wakagoma kuchimba makaburi. Akachimba mwenyewe kwa jembe hilo, kaburi la nduguye kwanza, kisha la mwanawe, na hakuna aliyempokea mpini.

Haya, mafundi wa kubishana. Msiniambie ligawanywe, wazee walikataa, na mimi nakataa. Tope apewe nani? Na wewe unayetaja Nyemo, mbegu utampelekea baba yake wewe?