Mama wa Pilipili na Siri ya Jirani

Kulikuwa na mama mmoja, muuza pilipili ya chupa. Mnaijua pilipili ya namna ile, mtu akiiweka kwenye ugali na dagaa anasahau hata kuongea. Ladha yake hakuna aliyeiweza, na ladha hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake.

Siku moja mfanyakazi wake akaacha kazi. Haukupita muda, pilipili ileile ikaonekana sokoni, kwa chupa nyingine na jina jingine. Mama akapandwa na hasira, mbio kwa wakili. Wakili akamuuliza, "Mama, huyo binti ulimwambia kwamba mapishi hayo ni siri?"

"Si alikuwa anaona mwenyewe!"

"Mliandikiana?"

"Tuandikiane nini? Nilimchukua kama mwanangu."

"Basi kesi yetu ni dhaifu," wakili akasema. "Hakimu atakuuliza kwanza: wewe mwenyewe ulifanya nini ili siri hiyo ibaki siri? Sheria haiwezi kukulindia kitu ulichokiacha wazi."

Na huyu mama akisikia, amesikia! Akaweka mlango wa chuma jikoni. Wafanyakazi wapya wakasaini mkataba wa kutunza siri, hata wakiacha kazi. Anayekaanga hajui anachosaga mwenzake, na kiungo cha mwisho mama anakitia mwenyewe, mlango umefungwa. Hata mume wake alikuwa anapiga hodi. Siri ikakaa. Mpaka hapo nampongeza.

Sasa sikilizeni. Jioni moja jirani yake akaja analia. Binti yake ameposwa, na binti ana kifafa. Mchumba anajua na amekubali, ila ameomba muda awaeleze wazazi wake mwenyewe, taratibu.

"Dada, nimekuambia wewe tu," jirani akasema. "Nilikuwa natafuta pa kupumulia."

"Limeishia hapa, mwenzangu."

Limeishia hapo? Jamani! Alhamisi ile kwenye jumuiya, wakati wa hoja za maombi, mama akanyoosha mkono. "Wapendwa, jina simtaji. Tumwombee binti mmoja aliyeposwa, ana kifafa, na wakwe hawajui. Ni pale kwenye geti la bluu."

Eti jina hamtaji! Mageti ya bluu mtaani kwao yalikuwa mangapi? Mnacheka. Mimi sicheki, nimechoka. Watu wakafumba macho, wakaomba kwa machozi, wakasema amina. Kabla ya Jumapili, mama yake yule kijana alikuwa ameshapigiwa simu na mpendwa mmoja wa palepale. Mshenga akaja kusema posa imevunjika. Binti akajifungia chumbani.

Jirani akaenda kwa mama wa pilipili. Akakuta mlango wa chuma, akapiga hodi, akasubiri mpaka kufuli lifunguliwe. Hakupiga kelele. Aliutazama tu ule mlango, akasema, "Dada, ningejua, siku ile ningekuja na wakili."

Ndugu zangu, sisi ni nani katika mfano huu? Msinitazame hivyo, mnajua. Pilipili tunaiwekea mlango wa chuma na sahihi. Mtu anayetuletea machozi yake hatumwekei hata pazia! Halafu umbeya wetu tunauita maombi, tena bila aibu, humu humu nyumbani mwa Bwana. Siku tutakaposimama mbele ya Hakimu wa wote, swali si litakuwa lilelile? Wewe mwenyewe ulifanya nini ili siri hiyo ibaki siri? Tutamjibu nini, kwamba tuliiombea?

Kwa hiyo leo hakuna kusimama kutoa hoja. Kila mtu amwambie Mungu mwenyewe, kimya kimya. Na wewe uliyekwisha kunyoosha mkono, ushushe. Tuombe.