Mtoto Aliyefunga Kinywa

Mwana hula na alaye. Mmeisikia jana kanisani, Mzee Mwasaru alipomwambia mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akilalamika kwamba waimbaji wake huchelewa mazoezi ilhali yeye mwenyewe huingia wa mwisho. Watu wazima walicheka, nanyi mkabaki kutazamana, maana pale hapakuwa na chakula wala hapakuwa na mtoto. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha juu huku kwetu Taita, ambako asubuhi ukungu hushuka mpaka kizingitini, aliishi mwanamke kijana aitwaye Mghoi. Aliolewa na Mwadime, mwashi hodari wa nyumba za mawe, na mtoto wao wa kwanza alikuwa mvulana. Wakampa jina la babu yake, Maghanga. Alikuwa mtoto wa furaha. Akiamka alicheka, akiona kuku alicheka, baba yake akipiga chafya alicheka mpaka akapata kwikwi.

Mghoi mwenyewe alikuwa kitinda mimba kwao. Hakuwahi kubeba mdogo wake mgongoni, wala kumwogesha, wala kumbembeleza, kwa kuwa hakuwa naye. Kwa hiyo kila jambo la mtoto lilikuwa jipya kwake. Kwikwi ikimshika mtoto, yeye alishikwa na hofu. Mtoto akilala sana, alimsogelea kusikiliza kama anapumua, na mara nyingi alimwamsha kwa kumsikiliza. Hata hivyo miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Maghanga alinyonya kama ndama, mapaja yakajaa mikunjo, na Mghoi akaanza kuamini kwamba kazi hii anaiweza.

Ndipo ukafika wakati wa mtoto kuanza kula.

Siku ya kwanza Mghoi alipika uji wa wimbi, akauchuja, akaupoza, akaonja mwenyewe kwa ncha ya ulimi. Maghanga aliupokea uji ule, akakunja uso, akausukuma nje kwa ulimi taratibu kama mtu anayerudisha kitu asichokiagiza. Kisha akafunga kinywa. Kesho yake ilikuwa ndizi ya kupondwa, kinywa kikafungwa. Likaja boga, vikaja viazi vilivyolainishwa kwa maziwa, na kinywa kilikuwa kimefungwa hata kabla kijiko hakijafika. Siku moja mtoto alipokuwa akilia, Mghoi aliona nafasi, akamtilia uji kinywani. Mtoto alipaliwa, akakohoa mpaka macho yakatoka machozi. Mghoi alimkumbatia akalia naye, na hakurudia tena kufanya hivyo.

Habari za kijijini hazina miguu lakini hufika. Jirani mmoja alikuja akashauri uji utiwe sukari. Mwingine akasema sukari ni sumu, utiwe ndimu. Wa tatu akasema tatizo ni kijiko cha bati, mtoto anataka cha mti. Wa nne akamshauri amnyime ziwa kutwa nzima, njaa imfundishe adabu, na huyo Mghoi alimshukuru akamsindikiza mapema. Mwadime naye alikuwa na njia yake. Jioni alishika kijiko, akacheza ngoma mbele ya mtoto, akatikisa mabega, akatoa sauti ya mbega. Maghanga alifurahi mno. Alicheka kwa kinywa wazi, baba akapenyeza uji haraka, na uji ukarudi wote kwenye shati la Mwadime la Jumapili.

Wakati wa mahangaiko hayo, Mghoi alikuwa hali. Si kwamba hakuwa na chakula. Alipika, akafunika sahani yake, akasema nitakula mtoto akishakula. Mtoto hakula. Basi alimnyonyesha, akamfunga mgongoni, akaenda kuchota maji, na aliporudi chakula kilikuwa kimepoa, akamegamega amesimama jikoni, kingine akawatupia kuku. Mwadime mchana alikula huko kwenye ujenzi, na jioni alichukua sahani yake akaenda sebuleni kusikiliza redio. Ndivyo nyumba hiyo ilivyoishi, na hakuna aliyeona ubaya.

Siku ya kliniki ilipofika, muuguzi alimpima Maghanga akasema uzito haujaongezeka kama inavyotakiwa. Akaongeza kwamba mtoto hana ugonjwa, macho yake maangavu, asilazimishwe, aendelee kupewa kwa upole, na warudi mwezi ujao waone. Muuguzi alisema mengi mazuri, lakini Mghoi alibaki na lile neno la kwanza tu.

Njiani akakutana na Mkamburi, shangazi yake Mwadime, mwanamke asiyeweza kupita jambo bila kuliwekea mkono. Mkamburi alimbinya mtoto shavu, akasikiliza habari za kliniki, kisha akasema kama mtu anayesema mvua itanyesha, "Huyu apelekwe kwa nyanya yake. Wakesho amelea saba, huyu hatamshinda."

Mghoi alitabasamu kwa heshima akashika njia yake. Lakini neno lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wakesho, mama mkwe wake, aliishi mlima wa pili. Hakuwa mkali, ila alikuwa mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache humwogopesha mwenye hofu, kwa kuwa humwachia nafasi ya kuyajaza mwenyewe. Akija kumchukua mtoto, Mghoi alijiuliza, mimi nitasema nini? Nitasema namlea vizuri, na chakula hali?

Haikupita wiki, asubuhi moja ukungu ulipokuwa ukipanda, Wakesho akatokea kwenye kona ya njia. Kikapu mkononi, na begani leso mpya iliyokunjwa.

Mghoi alikuwa uani na kikombe cha uji, mtoto mapajani. Alipoiona ile leso, alikiweka kikombe chini. Leso ya kubebea mtoto, alijisemea. Ameshaambiwa. Alisimama, akamwamkia, akampokea kikapu. Wakesho alimchukua mjukuu, akamgeuza huku na huku, akampulizia shingoni mpaka akacheka, kisha akamrudisha kwa mama yake. Akasema tu kwamba ule mteremko unazidi kurefuka kila mwaka. Akaomba maji, akanywa. Halafu akauliza kuna chakula gani.

Mghoi akamwambia kuna kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe, bado cha moto. Akaingia jikoni, akapakua sahani moja iliyojaa, akaiweka mkekani mbele ya mama mkwe, akarudi kwenye kikombe chake cha uji.

Wakesho aliitazama sahani, kisha akamtazama mkwewe.

"Chako kiko wapi?"

"Nitakula baadaye, mama. Acha kwanza nimlishe mtoto."

"Asubuhi umekula?"

Mghoi akakoroga uji wa mtoto.

"Mwanangu, mimi nimetoka nyumbani sijatia kitu kinywani, na sitakula peke yangu kama mgonjwa aliyetengwa. Lete sahani yako ukae."

"Na mtoto?"

"Mweke chini. Yeye ananyonya. Mimi na wewe ndio wenye njaa."

Mghoi akakiweka kikombe kando. Alimketisha Maghanga mkekani, akampa kifuniko cha sufuria achezee, akaleta sahani yake, akakaa. Tonge la kwanza alilila kwa adabu. La pili lilimwamsha njaa iliyokuwa imelala muda mrefu. Kimanga kilikuwa laini, maharagwe yameiva, na moto wa chakula ulimshuka kifuani kama habari njema. Alikula. Wakesho naye alikula, na tumbo lilipoanza kutulia ulimi wake ukalegea. Akasimulia jinsi Mwadime utotoni alivyokuwa akila udongo wa ukuta mpaka baba yake akasema huyu atakuwa mwashi au atamaliza nyumba. Mghoi alicheka tonge likiwa shavuni. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, alisahau kumtazama.

Akahisi kitu kizito juu ya goti.

Maghanga alikuwa ametambaa. Kifuniko cha sufuria kilibaki nyuma. Mkono mmoja ameuweka kwenye goti la mama yake, macho ameyakaza kwenye taya lake, na kinywa chake mwenyewe kilikuwa kikienda juu na chini, kikitafuna hewa. Mama alipotafuna, naye alitafuna. Mama alipomeza, naye alimeza mate. Kisha, bila kuomba ruhusa ya mtu, akatia mkono wote kwenye sahani, akafumbata kimanga, akakipeleka kinywani. Kingine kikaingia puani.

Mghoi alinyoosha mkono kumzuia. Wakesho akamshika kifundo cha mkono.

"Mwache."

Mtoto akakunja uso. Wanawake wale wawili walimtazama, matonge yakiwa mikononi. Kile kinywa kidogo kikafanya kazi, kikasita, kikafanya kazi tena, na Maghanga akameza. Akaipiga ile sahani kwa kiganja, akamtazama mama yake kama anayeuliza kwa nini alifichwa jambo hili siku zote.

Mghoi alimega kidogo, akakiponda vizuri kati ya vidole viwili, akamsogezea. Kinywa kikafunguka chenyewe, kipana, kama cha kinda la ndege. Akampa tena. Akala mwenyewe tonge moja, akampa mtoto moja, mpaka kimanga kikafika masikioni na kwenye nywele, na mtoto akawa anaimba huku anakula. Mghoi akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

"Mama," alisema alipoweza kusema, "nilidhani umekuja kumchukua."

"Kumchukua nani?"

"Mtoto. Shangazi Mkamburi alisema aletwe kwako. Nami nilipoona leso..."

Wakesho aliacha kula. Uso wake ukalainika.

"Mkamburi husema. Nimchukue nimpeleke wapi na magoti haya? Leso hii ni yako. Nilipita sokoni nikaona kila mtu ananunua kitu cha mtoto, nikasema, na mama yake je?" Akaichukua leso, akamwekea Mghoi mabegani hapo hapo, kwa mikono ile ile yenye kimanga. Kisha akamgeukia mjukuu, aliyekuwa akilamba kiganja, akatikisa kichwa. "Kumbe mwana hula na alaye. Nimelea saba, na hili sikulijua. Wangu walikuwa wakionana wao kwa wao sahanini, nami nikidhani ni mimi ninayewalisha."

Jioni Mwadime aliporudi alisimuliwa, hakuamini. Akaambiwa alete sahani yake mkekani aone. Hakumaliza tonge la pili kabla mwanawe hajampanda mguuni na kuanza kudai haki yake. Tangu siku hiyo redio iliimba peke yake sebuleni, na watu wote wa nyumba hiyo walikula pamoja.

Msifikiri kwamba shida iliisha kama mtu azimaye taa. Zilikuwako siku ambazo Maghanga alikula matonge mawili matatu kisha chakula chote akawagawia kuku. Meno yalipokuwa yakitoka alikataa kila kitu isipokuwa kung'ata kidole cha baba yake. Lakini Mghoi hakuogopa tena. Alikaa, akala, akashiba, na mtoto alipotaka alijua pa kukifuata chakula.

Walipokwenda kliniki, muuguzi alitabasamu kabla hata hajamtoa mtoto kwenye mizani. Akamuuliza Mghoi amempa nini.

"Yeye sikumpa kitu cha pekee," Mghoi alisema. "Ila mimi nilianza kula."

Muuguzi alicheka sana, akamwomba awasimulie wenzake waliokuwa wakingoja kwenye benchi. Mghoi alisimulia, na alipofika kwenye maneno ya mama mkwe wake, kina mama wakayadaka. Kutoka kwenye benchi lile maneno yalishuka sokoni, na huko sokoni yakaacha kuwa ya chakula tu. Mzee aliyewafokea vijana kwa kutotokea kutengeneza barabara, naye jembe lake limekauka, aliambiwa hayo hayo. Baba aliyewahimiza wanawe wasali, yeye amelala, aliambiwa hayo hayo.

Mghoi alizaa wengine baadaye, akawa mtu wa kuulizwa na wenye watoto wachanga. Siku moja jirani aliingia kwake kwa kishindo, akamvuta mwanawe kwa mkono, akaketi, akaanza kulalamika moja kwa moja. Mtoto huyu hana adabu, alisema, huingia nyumba za watu bila salamu, amefundishwa mpaka kinywa kimechoka.

Mghoi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kwa upole, "Na wewe, mwenzangu, ulipoingia sasa hivi, ulinisalimu?"

Jirani akaweka kiganja midomoni, halafu akacheka mpaka akajishika mbavu. Akasimama, akamshika mwanawe mkono, wakatoka nje wote wawili. Wakabisha hodi, wakaingia upya, mama akaamkia, na mtoto akaamkia baada yake kwa sauti kubwa kuliko yake.

Mwana hula na alaye.