Sultani Aliyekosa Kwao

Hapo zamani za masultani, alikuwako Sultani Mahadhi wa nchi ya Pwaga, mtu mwema, ila kwa kujiona hakuwa na mfano. Siku moja akaamuru ichorwe ramani ya nchi yake, apate kuwapelekea wafalme wa mbali. Basi mchora ramani akachora misikiti, akachora majumba ya mawe na bustani za mawaziri. Alipofika ng'ambo ya mto, kwenye kijiji cha Mikweani, Sultani akamzuia mkono.

"Hao waache. Vibanda vya makuti, na maneno yao kama watu watafunao mihogo mibichi! Wataniaibisha. Andika pori."

Ikaandikwa pori. Kisha mbiu ikapigwa: asiyekuwamo ramanini si mtu wa Pwaga, ni mgeni, na wageni wote wahame kabla ya Ijumaa. Mikweani nzima ikawa kilio. Mtu aende wapi, ayaache makaburi ya wazee wake?

Huko alikaa Mwinyikondo, fukara wa kutupwa, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Akajitwika mkeka wake, akaenda zake barazani kwa Sultani, akautandika mbele ya kiti cha enzi.

"Karibu, mgeni," akasema. "Pole na safari. Keti upumzike, maana Ijumaa haiko mbali, nasi tutahama pamoja."

Lo! Sultani akafoka, "Ewe mwehu! Mgeni nani?"

"Wewe, bwana wangu. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa binti wa Mikweani. Mimba ya kwanza akaja kujifungulia kwao, kama ilivyo ada yetu. Kitovu chako kimezikwa nyuma ya nyumba ya bibi yako, nami napajua. Sasa ramani yasema pale ni pori. Wazaliwao porini ni nyani na ngiri. Nikaona haya kukuita hivyo, nikasema mgeni."

Mawaziri wakajiuma midomo wasicheke. Sultani akainamisha uso, kwani jambo hilo alilificha miaka yote, na kumkumbuka mama yake kulimchoma moyo.

"Leteni kalamu!"

Akaichovya mwenyewe kwa pupa hata ikajaa wino, akaiandika Mikweani ramanini. Wino ukamwagika, ukavuka mto, ukalifunika jumba lake lote.

Mwinyikondo akachungulia. "Alhamdulillahi! Kwenu umepata, bwana wangu. Sasa umekosa pa kulala."

Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akaamuru ramani ipelekwe kwa wafalme vivyo hivyo, na doa lake. Naye jioni ile akavuka mto, akaenda kulala kwa wajomba zake.