Mchukuamaji na Bwawa Lililotaka Kutazama

Kaeni hapa juu ya tuta, wanangu, na hizo kamera mzilaze mapajani. Najua mmeudhika. Mmesafiri tangu alfajiri, mmejipaka matope mpaka kwenye nyusi kwa ajili ya ndege mmoja, halafu kikongwe msiyemjua anakuja kuwafukuza kama mbuzi walioingia shambani. Bwana Senkondo hapa, mkubwa wenu, ameniuliza kwa adabu, "Bibi, tumekosa nini?" Kwa kuwa ameuliza kwa adabu, nitamjibu. Nikimaliza, yule ndege anayezunguka juu yetu akilia atakuwa ameshapata nafasi ya kushuka.

Vitabu vyenu vina jina lake. Sisi tuliozaliwa kando ya bwawa hili tunamwita mchukuamaji. Sababu yake niliambiwa na mama yangu, akinisuka nywele palepale mlipoweka mabegi yenu.

Zamani hizo maji hayakuwa na kioo. Uliinama kunywa, usijione. Hakuna aliyeijua sura yake ila kwa kuambiwa na jirani, na majirani mnawajua. Ngiri aliambiwa ni mzuri kupindukia, akaamini, ndiyo maana anakimbia na mkia juu mpaka leo. Bwawa lenyewe lilikuwa pana kuliko sasa, tena lilikuwa na upweke. Kila kiumbe kilikuja, kikanywa, kikaenda zake. Mchana lilijaa wageni, jua likizama bwawa linabaki peke yake na halikumbuki hata sura ya mmoja wao.

Naye mchukuamaji, ambaye wakati huo hakuwa na jina hilo, alikuwa na miguu mifupi kama ya kuku. Alikuwa mweusi mgongoni, mweupe tumboni, na mdomo mwembamba kama sindano. Mwaka huo alitaga mayai manne juu ya udongo mkavu, mahali pasipo na kichaka wala mti. Msimcheke. Alitaka aone adui akiwa bado mbali. Taabu yake ilikuwa jua. Ndege wengine huyalalia mayai yapate joto, yeye aliyalalia yapate kivuli, maana jua la hapa likiamua kazi linaweza kumpika mtoto ndani ya ganda. Kwa hiyo yeye na mumewe walipokezana. Mmoja akienda kunywa, mwingine anabaki kuwa mwavuli.

Ukame ukaja. Bwawa likapungua, chakula kikawa haba, na mume akaruka kwenda kutafuta kwingine akiahidi kurudi jioni. Mama akabaki na mayai. Adhuhuri kiu ilimzidi, akawaza kwamba akifa yeye, mayai yatabaki na nani. Akatazama huku na huku, akakimbia majini anywe mara moja arudi.

Bwawa lilikuwa limemngoja siku nyingi. Likamsifu, likamwambia kwamba wote hunywa na kuondoka, na kwamba lilitamani kubaki na sura ya mmoja tu. Likamwomba asimame limtazame. Akasema ana mayai juani.

"Kidogo tu," bwawa likasema.

Mnalijua neno hilo? Nimelisikia kwenu asubuhi hii, tena kwa sauti ya upole kabisa, nikiwa kule kwenye matete.

Mama wa watu alikuwa na heshima. Maji yale ndiyo yaliyomlea yeye na mama yake, na mkubwa wako akikuomba jambo dogo unaona haya kukataa. Akasimama. Bwawa likaanza na kichwa, likashuka shingoni, likafika mgongoni. Upepo ukapita, sura ikavurugika, likaomba waanze upya. Alipotaka kuondoka tope lilimshika nyayo, naye akavuta. Akavuta tena. Mwili ulipanda, nyayo zikabaki chini, na ile miguu ikarefuka, ikarefuka, ikawa myekundu kwa maumivu kama mnavyoiona kwenye picha zenu. Bwawa likafurahi zaidi, maana sasa palikuwa na mengi ya kutazama. Halikuwa baya, hilo nataka mlielewe. Lilimpenda kwelikweli, ila lilikuwa linamwona yeye tu.

Mwishowe mama akaacha kuvuta. Akasema kwa sauti ndogo, "Bwawa, mimi umeshaniona. Wanangu hujawaona, na ukiendelea kunitazama hutawaona."

Tope likalegea papo hapo.

Alikimbia na miguu asiyoizoea, akianguka na kuinuka. Mayai aliyakuta ya moto kama yametolewa jivuni. Akayafunika, lakini kivuli hakikutosha tena. Akaligeukia bwawa akalia. Nalo bwawa lilitaka kwenda kwake, lakini bwawa halina miguu. Lilisukuma wimbi, wimbi likafia kwenye udongo. Likasukuma jingine, nalo likafia palepale.

Ndipo likamwambia, "Njoo unilalie kama unavyowalalia wao, unichukue."

Akarudi. Akaikunja ile miguu mipya, akalowesha tumbo mpaka manyoya yakashiba maji, akakimbia huku akidondosha matone, akayalalia mayai. Akaenda tena, akarudi tena. Mumewe aliporudi jioni aliitazama miguu ya mkewe, kisha akashuka kulowesha tumbo lake mwenyewe, na kwenda na kurudi katika tope lile kukamrefusha miguu na yeye.

Vifaranga walitoka watatu. Siku mama alipowaleta ukingoni kwa mara ya kwanza, bwawa liliwatazama mmoja mmoja kwa furaha, kisha likauliza, "Wa nne yuko wapi?"

Mama aliinama akanywa.

Mama yangu akifika hapo alikuwa anaacha kusuka kidogo, vidole vimetulia kichwani mwangu. Nilidhani anatafuta kitana. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba kabla yangu alimzika mtoto, na mpaka leo nikikumbuka vile vidole natamani ningegeuka nimkumbatie.

Bwawa lilihuzunika kwa muda mrefu, na huzuni ile ililifundisha namna nyingine ya kupenda. Na tangu siku hiyo, maji hukushika sura yako yote ukisimama mbele yake, mpaka ukope wa jicho, lakini ukigeuka yanakuachia uende, hayabaki na chako. Tangu siku hiyo mchukuamaji ana miguu mirefu myekundu, na jua likiwa kali hulowesha tumbo na kuwapelekea wanawe maji. Na sisi wa hapa tukimwona anapita na tumbo linalodondosha matone, tunasimama tulipo na kumpisha, hata kama mtu ana ndoo kichwani na shingo inamuuma.

Haya, tazameni polepole, ameshashuka. Kiota chake kipo pale kwenye udongo mweupe, nyuma ya nyayo zenu za asubuhi. Anaingia majini. Yupo juu na yupo chini kwenye kioo cha maji, wawili wamegusana miguu. Sasa anajikunja, analowesha tumbo. Mwanga ni mzuri, hata mimi na macho yangu haya nauona, na anakuja upande wetu, karibu kabisa. Bwana Senkondo, mkono wako umeshafika kwenye kamera, mwanangu, wala sikulaumu. Ni mzuri mno.

Unasemaje? Sema taratibu, asisikie.

Ndiyo, baba, ni kama ulivyosema. Apite kwanza.